Pipa Lililotakata

Matsue, 9 Aprili 1997

Shangazi Masue,

Shikamoo. Mvua ya juzi imeangusha maua yote ya mcheri, na njia ya kando ya mfereji wa ngome imekuwa nyeupe kama mtu amemwaga unga wa mchele. Mama hajambo, bado yuko Hiroshima kwa kaka analea wale pacha wake. Analalamika mgongo, lakini ukimwambia arudi kwake apumzike ananuna. Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa maji ya moto, na hiyo si habari kwa mtu wa kazi yetu. Goti lako linaendeleaje? Kadi yako ya mwaka mpya haikusema.

Nina jambo. Unajua hapa Matsue mtu akisema chai ni ile ya kijani ya unga, inayopigwa mpaka itoe povu, na kitamutamu kando. Kila vuli duka letu la vitamutamu huwaalika wateja kuinywa. Mwaka huu Bwana Adachi, mwenye duka, amesema amechoka na povu. Anataka chai wanazokunywa watu wa kawaida majumbani, kutoka mikoa mitano, na kila chai ipewe kitamutamu chake. Kazi hiyo kanipa mimi, si Ogura aliyenitangulia kazini miaka minne, na Ogura tangu Jumatatu ananipa salamu za nusu mdomo.

Nikafikiria chai ya kwenu. Nasema ya kwenu, ingawa baba alikuwa akisema ya kwetu hata baada ya miaka thelathini ya kukaa mjini. Nakumbuka alivyokuwa akifungua ile pakiti yako kila Septemba na kuinusa kwanza bila kusema na mtu. Naomba kidogo tu, nijaribu. Ndani ya kasha hili kuna mviringo wa mchele wa kunata wenye rojo la maharage mekundu. Uonje na chai yako uniambie ukweli.

Mwanao,
Honoka


Hinotani, 2 Mei 1997

Honoka mwanangu,

Marahaba. Hapa tumeamka na uhai, tunashukuru. Nguruwe mwitu wameingia shamba la mianzi wakala machipukizi yote, wameniachia mawili, nadhani kwa huruma. Jirani yangu Kinuyo anasema ni kwa sababu sikufunga uzio. Kinuyo tangu tukiwa wasichana hajawahi kukosa la kusema, na sasa kwa kuwa tumebaki wanawake wawili tu wa kupika chai katika bonde hili, yote yananijia mimi.

Kitamutamu chako kizuri kama bibi harusi. Nilikitazama siku mbili. Siku ya tatu nikakila, nikapiga funda la chai, na chai haikuwepo. Nilikuwa nakunywa maji ya moto. Umetaka ukweli, ndio huo.

Chai yetu ni chachu, Honoka. Si kijani, si ya kupigwa povu kwenye bakuli la fahari. Majani yanachemshwa, yanafikichwa, yanalala ndani ya pipa chini ya mawe karibu mwezi mzima, ndipo yanaanikwa juani. Ukiipa sukari nyingi inanuna kama mama yako. Mimi na baba yako tulikuwa tunainywa na kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu, na ngozi yake tunakula. Hatukujua kama kuna kitu kinachoitwa kitamutamu cha chai.

Nakutumia ya mwaka jana. Usiifungie kwenye kopo karibu na mafuta ya taa kama alivyofanya kaka yako.

Shangazi yako


Matsue, 1 Juni 1997

Shangazi,

Shikamoo tena, na samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na harusi tatu mfululizo na kila harusi inataka vitamutamu mia mbili. Mama amerudi, kisha siku tano baadaye ameondoka tena, anasema nyumba bila kelele inamtia kichefuchefu.

Nimekusanya chai zangu. Ya Tosa imekuja vipande vyeusi vya mraba, kama kete. Ya Mimasaka majani yake ni ya kahawia, yanang'aa kana kwamba yamepakwa asali. Ya Kaga ni mabua matupu yaliyokaangwa, na ukiyamwagia maji nyumba nzima inanukia mkate. Ya hapa kwetu nimechagua ile ya wazee: maua makavu ya mchai yanachemshwa, yanapigwa kwa kipigio kilichotiwa chumvi, kisha ndani ya povu unatia wali kidogo, maharage meusi na achari, unagonga kitako cha bakuli na kuvirusha vyote mdomoni bila vijiti. Ogura alivirusha kifuani. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa mdomo mzima.

Yako nilimpa Bwana Adachi mwisho. Alikunywa kikombe kimoja, na nilipoanza kukusanya vyombo akaniuliza:

"Nani amepika hii?"

Nikamwambia ni shangazi yangu, dada wa baba. Akaomba kikombe kingine. Amesema itanywewa ya mwisho, baada ya nyingine zote, kwa sababu baada yake hataki kitu kingine mdomoni. Shangazi, nina miaka tisa kwenye duka hili na sijawahi kumwona akiomba kikombe cha pili cha chochote. Niliona fahari mpaka nikaona haya.

Nimejaribu tena kitamutamu: sukari laini ya huko kwenu Awa, nimeikandamiza kwenye kibao na tangawizi ya Izumo, kipande kidogo kama ukucha. Onja. Na niambie, Julai hii, msimu wa kupika chai, nani atakusaidia? Nimeshaomba siku sita. Nakuja.

Honoka


Hinotani, 20 Juni 1997

Honoka,

Mvua inanyesha siku ya tisa na nguo hazikauki, nina harufu ya uyoga. Kinuyo amepata mjukuu wa kike, amekuja kunionyesha picha kumi na nne za mtoto yule yule amelala.

Usije. Kazi ya chai si kazi ya mtu wa mjini, utachubuka vidole, na nyumba ina buibui. Mimi nimeifanya peke yangu tangu mama afariki na sijafa. Goti ni goti, litafika linapofika.

Ukija, treni ya saa nne asubuhi ndiyo inayokutana na basi la mwisho la kupanda huku. Ukikosa basi hilo utalala stesheni. Leta viatu vya mpira, vya baba yako vimeliwa na panya. Leta na glavu, si zile nyembamba.

Vile vipande vya tangawizi Kinuyo amekula viwili bila kuulizwa. Chai ilibaki mdomoni, sikupata cha kulalamikia, na nilitafuta.

Shangazi


Matsue, 28 Julai 1997

Shangazi mpendwa,

Nimefika salama. Mama anakusalimu, anauliza kama ni kweli bado unapanda ngazi za shamba kwa mguu ule. Nimemwambia uongo.

Vidole vyangu vimeanza kupona. Leo kazini nilikuwa nakunja unga wa mchele na kila jani nililokwangua nililihisi upya. Sikujua kama tawi la mchai linaweza kukataa namna ile, na wewe unalivua majani kwa mkono mmoja kama mtu anavua soksi. Sijui kama nilikusaidia au nilikuchelewesha. Lakini kukanyaga majani ndani ya pipa, umenishika mkono nisianguke, mvuke unapanda miguuni, hilo nitalikumbuka nikizeeka.

Na nafurahi nilipata nafasi ya kulisafisha lile pipa ulipokuwa shambani ile siku ya pili. Nisamehe nikisema ukweli, Shangazi: ndani lilikuwa jeusi, linateleza, na harufu yake ingemfukuza mkaguzi wa afya mpaka Osaka. Kwetu mwanafunzi huosha vyombo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa sukari, kwa hiyo kuosha najua. Nilisugua kwa sabuni, nikamwagia maji yanayochemka mara tatu, nikalipitishia dawa ya kuua vijidudu niliyoikuta chini ya sinki, nikalianika mchana kutwa. Uliporudi ukasimama ukalitazama, ukasema, "Limetakata kweli." Nilijisikia kama nimepewa cheti. Kesho yake lilivuja kidogo, ukasema mbao zitavimba zenyewe.

Bwana Adachi ameshaandika mialiko. Ni tarehe ishirini na sita Oktoba. Nasubiri chai mpya kwa hamu.

Honoka wako


Hinotani, 5 Septemba 1997

Honoka,

Natumai hujambo. Wafu walipotutembelea kwenye sikukuu yao mwezi uliopita tuliwapokea vizuri, kaburi la baba yako nimelifyekea. Joto limepungua. Kinuyo anakohoa.

Chai imekauka, nakutumia mfuko mmoja. Mwaka huu mvua ilizidi, na majani yalikuwa mazee. Usiiweke mwisho. Iweke katikati, baada ya ile ya Kaga, watu watakuwa bado wananusa mkate. Au itoe baridi. Au mwambie bwana wako imeharibika njiani, mambo hayo hutokea.

Usinijibu haraka, najua una kazi nyingi.

Shangazi


Matsue, 29 Septemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Habari za nyumbani ni zile zile, pacha wameanza kuota meno, Mama analia kuliko wao.

Nimeipika chai mara nne. Nilibadilisha maji, nikabadilisha birika, nikaiacha ichemke zaidi. Rangi ipo, dhahabu ile ile. Lakini Shangazi, haina sauti. Haina uchachu, wala ile harufu baba aliyokuwa anaifungia macho. Kuna kitu kama majani yaliyolowa, basi. Bwana Adachi alionja, akaweka kikombe chini taratibu, akaniuliza kama wewe ni mgonjwa. Hilo ndilo nami nililokuwa najiuliza.

Je, ni mgonjwa? Ulikosea mfuko? Kuna jambo hutaki kuniambia? Niandikie mstari mmoja tu. Chai si kitu, nataka kujua hali yako.

Honoka


Matsue, 10 Novemba 1997

Shangazi Masue,

Leo sitaandika habari za pacha.

Wiki sita hukunijibu. Simu ukipigiwa huipokei, unasema siku zote kwamba ndani ya kile chombo watu wote wana sauti ya mwizi. Jumapili nikampigia Bi Kinuyo. Aliniambia wewe ni mzima, unakata kuni, na nilishukuru. Kisha nikamuuliza habari za chai. Akanyamaza. Bi Kinuyo, akanyamaza. Nikajua ni jambo zito. Nikamsihi, ndipo akasema:

"Mwanangu, lile pipa umeliua wewe. Kinachochachusha chai kimo ndani ya mbao, tangu enzi za bibi yake Masue. Sisi hulisuuza kwa maji baridi tu, mara moja, tena kwa heshima. Wewe ukalipiga sabuni na dawa kama choo cha stesheni."

Akaongeza kwamba ulimkataza kuniambia. Kwamba ulimwapisha.

Miaka mia na zaidi, wanawake watatu wa nyumba hiyo, na mimi nikaimaliza asubuhi moja, tena nikakuandikia barua kujisifu. Nikisoma nilichokuandikia Julai natamani kuirudisha barua hiyo kwa mkono. Hafla ilifanyika. Nilitoa chai nne. Wageni walifurahi, Bwana Adachi alinisifu mbele ya Ogura, na kila sifa niliimeza kama jiwe. Kikombe chako hakikuwepo na aliyekiondoa ni mimi.

Kwa nini hukunifokea? Ungenipiga na ufagio ningevumilia. Ulinishika mkono nikakanyaga majani ndani ya pipa lililokufa, na ulijua.

Nilikuwa nimepanga kuja Mwaka Mpya. Sitakuja. Sina uso wa kuingia nao kwenye mlango huo. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi, una haki.

Honoka


Hinotani, 1 Desemba 1997

Honoka mwanangu,

Theluji ya kwanza imedondoka juzi, kidogo tu, ikaona hatuna cha kuipa ikaenda zake. Mimi mzima. Goti ni bovu, nakwambia sasa, kwa kuwa Kinuyo keshaanza kutoa siri za watu hakuna maana nikibaki nazo. Yeye nimemnunia siku tatu. Siku ya nne aliniletea supu ya figili, na mtu huwezi kununa huku unakula.

Aliyokwambia ni kweli. Pipa ndilo linalopika chai, sisi tunabeba mawe tu. Ilikuwa juu yangu kukwambia kabla sijakuacha nalo, na sikukwambia, kwa sababu katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuambiwa. Sisi tuliliona likisuuzwa tukiwa tumebebwa mgongoni. Nilisahau kwamba wewe mgongo uliokubeba ulikuwa wa mjini. Kwa hiyo hilo kosa tugawane, na fungu langu ni kubwa.

Lakini kuna jambo hata Kinuyo halijui, na naliandika mara moja tu.

Siku ile sikuwa shambani. Goti liligoma nusu ya ngazi, nikarudi, nikafika nyuma ya ghala ulipokuwa bado kwenye ndoo ya sabuni. Maji ya moto yalikuwa bado jikoni, na dawa hujaigusa. Ningesema neno moja ungeacha, na pipa lingepona, mwaka mmoja wa chai mbaya halafu basi. Mdomo niliufungua.

Ulikuwa unaimba. Umeingia kichwa kizima ndani ya pipa, matako nje, unaimba wimbo wa kipuuzi wa redio, na sauti inatoka humo nene kama ya mwanamume. Baba yako alikuwa akiimba ndani ya pipa hilo hilo, kichwa hivyo hivyo, mpaka mama alipokuja na ufagio. Alipoondoka hapa ana miaka kumi na tisa sikumsamehe, na tulipomzika nilikuwa bado sijamsamehe, na hilo wewe hukuwahi kuambiwa. Nyumba hii nimekaa nayo kimya miaka mingi kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kusikia kuwa ni kimya. Ningesema neno, ungenyamaza. Ungetoka umeshika kichwa, unaomba radhi, na siku zote zilizobaki ungekuwa mgeni anayetembea kwa ncha za vidole.

Basi sikusema. Niliketi juu ya rundo la kuni nikasikiliza mpaka ndoo ya mwisho. Nilijua ninachokilipa, Honoka. Hukuniibia kitu, nilikitoa mwenyewe, na ningeulizwa leo ningekitoa tena.

Nilichokosea ni kunyamaza baada ya hapo. Nilifikiri nakukinga. Kumbe nilikuacha uhangaike na birika mara nne peke yako, na ukajitwisha mzigo wote. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikiliza. Pipa nimelijaza maji, mbao zimeshikana, halivuji. Kinuyo ameahidi kunipa ndoo ya maji ya pipa lake, ingawa chai yake siku zote imekuwa na harufu ya soksi, na haitakuwa chai yetu. Pipa huchukua miaka kumi au zaidi kujifunza nyumba linamokaa, mikono ya watu wake na hewa yake. Mimi nina sabini na nane. Sitaionja, na ninyi watu wa sukari mnajua kupima, usinidanganye. Wewe una thelathini na moja.

Kwa hiyo habari ya kukosa uso niachie. Njoo Mwaka Mpya, na Julai, na Julai nyingine, mpaka pipa likujue wewe. Basi la kupanda siku ya mwisho wa mwaka ni moja tu, saa nane. Godoro lako nimeshalianika mara mbili.

Shangazi yako,
Masue